Kalamu nyingi, kundi moja: uanze na New Pornographers, Broken Social Scene, boygenius au Monsters of Folk?

Mpwa wangu aliniandikia wiki mbili zilizopita: "Mjomba, shikamoo. Nataka kuzijua hizi bendi za roki za mastaa waliokusanyika. Nimepata majina manne, sijui nianze na lipi. Na bando langu si la kuchezea." Nilimjibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne, nikaongeza mwingine wa dakika sita, halafu nikaona aibu. Haya hapa ni majibu yaleyale, safari hii yakiwa yamepangwa.

Majina yenyewe ni The New Pornographers, Broken Social Scene, boygenius na Monsters of Folk. Mawili ya mwanzo ni ya Kanada, mawili ya mwisho ni ya Marekani. Yote yametoka kwenye roki huru, yaani muziki wa magitaa uliokulia kwenye lebo ndogo, kumbi ndogo na redio za vyuo. Neno staa lichukulie kwa kiasi. Hawa ni watu ambao kila mmoja tayari alikuwa na bendi yake au jina lake, kisha wakakubaliana kujenga banda la pamoja uani.

Kwa aliyekulia kwenye muziki wa dansi, bendi yenye watunzi wengi si jambo geni. Muhiddin Gurumo aliimba NUTA Jazz, akaenda Mlimani Park, akaenda Safari Sound, akarudi Msondo (NUTA ileile kwa jina jingine), na kila alipotua alikuta watunzi wengine wenye majina yao. Ila kwenye dansi ukihama umehama, na mashabiki wa kule ulikotoka wanakununia. Hawa wa Kanada na Marekani hawahami. Wanakaa nyumba mbili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa kundi lolote la aina hii ni moja tu: kalamu iko mkononi mwa nani?

Nitakavyolinganisha

Hicho ndicho kigezo cha kwanza, na kwangu ndicho kizito kuliko vyote: nani anatunga, na wenzake wanapewa nafasi gani. Cha pili ni namna muziki unavyofika sikioni, pamoja na kama maneno yanashikika kwa mtu ambaye Kiingereza alikipata darasani. Cha tatu ni ukubwa wa hazina na umri wa kundi, maana kuna tofauti kati ya nyimbo 15 na albamu tisa. Cha nne nakiita milango ya kutokea: ukishalipenda kundi, utaelekea wapi kutoka hapo? Cha mwisho ni kinachokera, kwa sababu kila moja lina lake.

Tuzo sikuziweka. Zitajitokeza zenyewe njiani, lakini sijawahi kuona mtu akiupenda wimbo kwa sababu ya sanamu iliyowekwa kabatini.

Kalamu iko kwa nani

New Pornographers ni nyumba yenye mwenye nyumba. Lilianzia Vancouver mwishoni mwa miaka ya 1990, na albamu yake ya kwanza, Mass Romantic, ikatoka mwaka 2000 kwa Mint, lebo ya mjini hapohapo. Carl Newman, anayejiandika A.C. Newman, ndiye anayetunga nyimbo nyingi na ndiye anayeamua. Pembeni yake yuko Dan Bejar, mwenye bendi yake inayoitwa Destroyer. Kuanzia albamu ya pili mpaka ya sita utamkuta Bejar na nyimbo tatu kila mara, kama mpangaji anayelipa kodi kwa tarehe. Si mbili, si nne. Albamu ya nyimbo kumi na mbili au kumi na tatu za Newman peke yake ingechosha. Tatu za Bejar zinakuja kama dirisha lililofunguliwa ghafla, upepo wa upande mwingine ukaingia.

Kisha yupo Neko Case, na hapa ndipo pana jambo ambalo watu wengi hawaling'amui. Case ni mtunzi hodari akiwa kwake. Akija hapa, kalamu anaiacha nyumbani, analeta koo tu. Sehemu kubwa ya anachoimba ameandikiwa na Newman. Kwa hiyo kundi lina waandishi watatu wa kiwango cha juu, lakini wanaoandika ni mmoja na robo. Ukisikia watu wakilitaja kama mfano wa demokrasia ya watunzi, tabasamu tu. Newman hata mpwa wake, Kathryn Calder, alimwingiza kundini mwaka 2005, akawa anaimba na kupiga kinanda, na kwenye ziara ambazo Case hakuweza kwenda yeye ndiye aliyebeba sauti ya kike. (Mpwa wangu, usianze kunitazama hivyo. Sina bendi.)

Mwaka 2017 walitoa albamu isiyo na wimbo hata mmoja wa Bejar. Inakimbia vizuri, imenyooka, na mimi kila nikiisikiliza nasikia chumba kitupu.

Broken Social Scene ni kinyume kabisa. Kundi hili lilianza Toronto mwaka 1999 na watu wawili, Kevin Drew na Brendan Canning, halafu mlango haukufungwa tena. Kuna nyakati walikuwa sita, kuna nyakati walifika 19. Ndani humo wamepita Feist, Emily Haines na James Shaw wa Metric, Amy Millan na Evan Cranley wa Stars, Charles Spearin wa Do Make Say Think, Jason Collett na Andrew Whiteman. Utunzi wao unafanana na sufuria la shughuli: uliza nani ametia chumvi, kila mmoja atamwonyesha mwenzake. Utajua nani anaimba. Kujua nani aliandika mstari upi ni kazi nyingine, na sidhani kama wao wenyewe wanataka ujue.

boygenius ni watu watatu, na usawa wao wameupima kwa rula. Julien Baker wa Memphis, Phoebe Bridgers wa Los Angeles na Lucy Dacus wa Richmond walipangwa kuzunguka pamoja kwenye ziara mwaka 2018. Wakaona warekodi kitu cha kuipamba ziara hiyo. Kila mmoja akaja studio na wimbo mmoja uliokamilika na wazo moja ambalo halijaiva. Ndani ya siku nne wakatoka na nyimbo sita, mbili kwa kila mmoja. Sikiliza pia namna albamu yao ya mwaka 2023 inavyofunguka. Wimbo wa kwanza hauna ala yoyote, ni sauti tatu tu. Wa pili ni zamu ya Baker, wa tatu Bridgers, wa nne Dacus. Wa tano wana beti tatu, kila mmoja wake. Ni kama watu waliokaa mkekani wakapitisha kikombe kimoja cha kahawa, na ndiyo njia rahisi kuliko zote niliyowahi kuiona ya kumfundisha msikilizaji kutofautisha watunzi.

Monsters of Folk wana watunzi watatu na fundi mmoja. Conor Oberst na Mike Mogis wametoka Bright Eyes, Jim James ametoka My Morning Jacket, na M. Ward anatumia jina lake mwenyewe. Walianza kuzunguka pamoja jukwaani mwaka 2004, lakini albamu ilisubiri hadi 2009. Humo ndani ala zote walipiga wenyewe hao wanne. Mogis ndiye aliyesimamia kurekodi, na ndiye asiyegombea kipaza sauti. Hawa watatu hawajajaribu kufanana. Ukimjua Jim James utautambua wimbo wake kabla haujafika kiitikio.

Zinavyofika sikioni

Naanza na New Pornographers kwa sababu ndio wenye kelele nzuri. Magitaa, vinanda, dramu zinazokimbia mbele ya kila mtu, sauti tatu nne zimepandana. Newman ana tabia ya kukupa kiitikio, ukidhani kimekwisha anakupa kingine juu yake, na wakati mwingine cha tatu. Case akiingia, sauti yake inapita katikati ya vyote hivyo kama tarumbeta kwenye bendi ya polisi. Bejar yeye anaimbia puani, kama mtu anayesimulia jambo huku akitembea na hajali kama unamfuata.

Maneno yao sasa. Usihangaike. Newman huchagua neno kwa mlio wake kwanza, maana ifuate ikipenda. Sisi tumezoea mafumbo ya taarabu, ambayo lazima yawe na mlengwa. Hata usipomjua, unajua kuwa yupo ukumbini na anajijua. Fumbo la Newman halina mlengwa. Nilipoteza mwaka mzima nikitafuta maana ya wimbo mmoja, nikaja kugundua kuwa sikuwa naufurahia tena.

Na tahadhari kuhusu jina. Nilikuwa kwenye foleni ya Mwenge na shemeji yangu, mtu wa swala tano, simu imeunganishwa na redio ya gari, na jina la bendi likapita kwenye kioo cha redio kwa herufi kubwa za kijani. Nilitumia muda uliobaki hadi Ubungo nikieleza kuwa ni bendi ya magitaa, hakuna chochote, ni jina tu. Hakuniamini. Mpaka leo akipanda gari langu anaweka mawaidha yeye mwenyewe.

Broken Social Scene wanasikika kama ukungu wa alfajiri unaotawanyika polepole. Tabaka la gitaa juu ya tabaka la gitaa, filimbi na matarumbeta kwa nyuma, sauti ya mtu imezamishwa katikati badala ya kuwekwa mbele. Albamu ya kwanza, Feel Good Lost ya mwaka 2001, karibu yote ni ala bila kuimba. Ya pili, You Forgot It in People ya mwaka 2002, ndiyo iliyowatambulisha. Humo Emily Haines ana wimbo ambao sauti yake imebadilishwa kwa mitambo mpaka inasikika kama ya mtoto, akirudia mistari michache juu ya banjo na fidla, na ukifika dakika ya tatu unajikuta umekumbuka watu ambao hukuwa na mpango wa kuwakumbuka. Hawa maneno yao hushiki mengi. Lakini huku hukuja kwa ajili ya maneno.

boygenius ni kinyume: maneno yako mezani, yameoshwa. Kama Kiingereza chako ni cha darasani, hapa ndipo utakapokaa raha. Wanaongea kama watu wanaoandikiana barua, wakitaja barabara, gari, siku yenyewe. Muziki unaanza kwa gitaa moja, halafu baadhi ya nyimbo zinapanda hadi zinapiga kelele kweli. Kuwatofautisha ni rahisi: Baker ana sauti ya juu inayokaribia kupasuka, Bridgers ananong'ona, Dacus yuko chini na ana joto. Nikipiga nyimbo zao nyumbani, mama yangu huuliza kutoka jikoni, "Hawa mabinti wanamlilia nani?" Swali la haki. Jibu ni kwamba mara nyingi wanaliliana wao kwa wao.

Monsters of Folk ni gitaa kavu, sauti zinazoitikiana, harufu ya muziki wa kantri na barabara ndefu. Wimbo wa kufungua albamu unashangaza kidogo, kwa sababu umekaa juu ya mdundo wa hip hop, na mwaka 2010 kundi la The Roots liliuchukua na kuutengeneza upya. Baada ya hapo wanarudi kwenye kawaida yao ya wanaume wanne na ala za mbao.

Hazina na umri

Kuanzia mwaka 2000 hadi 2023 New Pornographers walitoa albamu tisa. Tatu za kwanza, yaani Mass Romantic, Electric Version ya mwaka 2003 na Twin Cinema ya mwaka 2005, ndiyo moyo wa jambo. Ya kwanza ilipata tuzo ya Juno nchini kwao. Ya tatu iliingia kwenye orodha fupi ya Tuzo ya Polaris, ya albamu bora ya Kanada, ilipotolewa kwa mara ya kwanza, mwaka 2006. Orodha hiyo ya albamu kumi inastahili kutazamwa: New Pornographers wamo, Broken Social Scene wamo, Metric wamo, na K'naan, kijana aliyezaliwa Mogadishu, naye yumo. Kwa kweli kama unataka kujua Kanada ilikuwa inapika nini wakati ule, sikiliza hizo kumi na uache makala kama hii.

Baada ya Twin Cinema wakapunguza mwendo. Albamu ya mwaka 2007 ina nyimbo za taratibu zaidi na iligawa mashabiki. Mimi niko upande wa walioikubali. Ya 2014, Brill Bruisers, ilirudisha kelele, na safari hii vinanda vya umeme vikiwa vingi kuliko magitaa. Hiyo ndiyo ya mwisho kuwa na Bejar na zile nyimbo zake tatu.

Kwa nini wamedumu? Mimi naamini ni kwa sababu ya mwenye nyumba. Case akiwa na albamu yake ya kutoa, Bejar akiwa na ziara ya Destroyer, mpiga dramu akiondoka kama Kurt Dahle alivyoondoka mwaka 2014, Newman bado yupo, nyimbo bado ziko kwenye daftari, na taa haizimwi. Kwenye kundi la walio sawa, mmoja akichoka wote wamesimama.

Ndivyo ilivyokuwa kwa boygenius. Hesabu yao yote ni nyimbo sita za mwaka 2018, kumi na mbili za albamu iitwayo The Record ya Machi 2023, na nne za Oktoba mwaka huohuo. Ishirini na mbili. Wakati huo walijaza ukumbi wa Madison Square Garden jijini New York, albamu ikashika namba moja Uingereza na namba nne Marekani, na Februari 2024 wakabeba Grammy tatu. Mwezi huohuo wakatangaza kuwa wanapumzika. Waliondoka karamuni pilau ikiwa bado inafuka moshi. Kuna waliolalamika. Mimi nadhani makubaliano ya kugawana kila kitu kwa tatu hayawezi kubebwa miaka ishirini na watu ambao kila mmoja ana kazi yake inayomsubiri.

Broken Social Scene walitoa albamu tano kati ya 2001 na 2017, zikiwa zimeachana sana mwishoni: 2005, kisha 2010, kisha 2017. Ukiwa na watu 19 wenye ratiba 19, kupata wiki moja ya studio ni sawa na kupanga harusi ya ukoo. Hata hivyo hawakuvunjika, kwa sababu hakuna aliyewahi kuahidi kuwepo kila siku. Monsters of Folk ni albamu moja, nyimbo 15. Basi.

Milango ya kutokea

Hapa Broken Social Scene hawana mpinzani. Ukimpenda mwimbaji wa wimbo mmoja, kuna bendi nzima nyuma yake. Feist ana The Reminder ya mwaka 2007, albamu ambayo wimbo wake mmoja ulipita kwenye tangazo la iPod ukaingia kwenye masikio ya watu ambao hawajawahi kusikia jina la Broken Social Scene. Metric ni roki ya kucheza, ya kuchangamka. Stars ni ya mapenzi na majuto. Do Make Say Think haina maneno. Mtu anaweza kuishi kwenye mtaa huu miaka kumi bila kurudia nyumba.

New Pornographers wana milango miwili mikubwa. Mmoja unaelekea kwa Neko Case, na huko ndiko utakakojua kalamu aliyoiacha nyumbani ilikuwa na wino gani: anza na Fox Confessor Brings the Flood ya mwaka 2006, kisha Middle Cyclone ya 2009, iliyoingia chati ya Marekani ikiwa namba tatu. Mlango wa pili unaelekea Destroyer. Kaputt ya mwaka 2011 imejaa saksafoni na usiku wa jiji, na kama ulimwona Bejar ni mkorofi kwenye zile nyimbo tatu zake, huko utamwelewa. Newman naye ana albamu zake, ila zinasikika kama New Pornographers waliokosa wageni.

Kwa boygenius, milango ni mitatu na yote iko wazi: Punisher ya Bridgers ya mwaka 2020, Historian ya Dacus ya 2018, na Turn Out the Lights ya Baker ya 2017. Bridgers ndiye anayetuvusha hadi kundi la nne, kwa sababu mwaka 2019 alirekodi albamu pamoja na Conor Oberst kwa jina la Better Oblivion Community Center. Kutoka kwa Oberst unafika Bright Eyes, na hapo mashairi ni mengi mpaka unaomba maji. M. Ward, kwa upande wake, ni nusu ya She & Him.

Kinachokera

New Pornographers: mwendo mmoja. Albamu nzima kwa mkupuo inaweza kukuacha kama umekula haluwa sahani nzima. Na kama unapenda kujua wimbo unamhusu nani, utakonda.

Broken Social Scene: wanahitaji spika nzuri au vipokea sauti vizuri vya masikioni. Kwenye spika ya simu ule ukungu unageuka vumbi. Pia kuna nyimbo zinazochukua dakika tatu kuamua kama ni nyimbo.

boygenius: huzuni. Si mbaya, ila ni nyingi, na ukiwa umeamka vibaya zinakusukuma upande uleule unaoelekea. Halafu kuna mashabiki, ambao hupenda sana kukueleza urafiki wa watu watatu ambao hawajawahi kukutana nao.

Monsters of Folk: unapata vipande vya albamu tatu zilizochanganywa. Kila mmoja kaleta mboga nzuri, lakini ni kila mmoja na bakuli lake.

Kwa hali yako

Una bando la wiki na unataka kumaliza kazi ya kundi zima: boygenius au Monsters of Folk. La kwanza kama unataka maneno, la pili kama unataka gitaa. Pakua ukiwa kwenye waifai ya kazini, usijitese.

Unajifunza kutunga na una wenzako wawili watatu: sikiliza zile nyimbo tano za mwanzo za The Record kwa mpangilio wake, mara tatu, kisha Twin Cinema. Ya kwanza itakuonyesha kugawana sawa, ya pili itakuonyesha kugawana kwa mizani isiyo sawa bila ugomvi. Kabla hujaamua utaratibu wa bendi yako, jiulize kwa ukweli kama kati yenu kuna Newman. Akiwepo, mpeni funguo mapema.

Unaendesha gari, au unafanya kazi ya mikono inayohitaji kasi: Electric Version. Zima kioo cha redio kwanza.

Unafanya zamu za usiku, au huna usingizi: You Forgot It in People, masikioni, taa imezimwa. Usianze na ya kwanza isiyo na maneno. Utalala kabla hujawapenda.

Umetoka kuachwa: kwa kawaida watu watakupeleka boygenius. Mimi ningesubiri wiki mbili. Anza na Neko Case kwenye wimbo wowote wa Mass Romantic anaoimba mbele, upige kelele naye, halafu uende kwa wale watatu ukiwa umeshakula.

Umelelewa kwenye dansi na unapenda kujua nani katunga nini, nani kahamia wapi: New Pornographers kwanza, na uwe na mchezo huu. Funika majina, piga Twin Cinema, na jaribu kutaja tatu za Bejar. Mpwa wangu alizipata mbili siku ya kwanza. Ya tatu aliipata Jumapili, akanipigia saa nne usiku, bila hata shikamoo.